Uzi: Kumpata dada wa usafi wa kuaminika, na mambo ya kukubaliana naye kabla hajashika ufagio

Mleta uzi:

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila baada ya muda mfupi mtu huuliza humu kama kuna anayemfahamu dada wa usafi anayeaminika, na majibu anayopewa huwa ni ya aina mbili tu: namba ya dalali, au mkasa wa mtu aliyeibiwa. Naomba leo niandike kwa kirefu, kwa sababu jambo hili limenigharimu fedha na usingizi, na kuna mahali limenifanya nimkosee mtu ambaye hakustahili kukosewa.

Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu na watoto wawili wa shule ya msingi, na sote wawili tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuhamia nyumba hii nilibadilisha wasafishaji watano. Wa sita bado tunaye, na huu ni mwaka wake wa nne. Nimejiuliza sana tofauti ilikuwa nini, na sikubali tena jibu nililokuwa nikiwapa watu zamani, kwamba wale watano walikuwa wabaya na huyu ndiye mwema. Watano wale niliwaajiri bila kuwaambia kazi ni ipi.

Kwanza niweke mpaka wa uzi huu. Namzungumzia dada anayekuja na kuondoka, siku mbili au tatu kwa wiki, kwa ajili ya usafi wa nyumba. Simzungumzii dada wa kazi anayelala kwako, anayepika na kulea watoto. Wengi wetu tunachanganya kazi hizi mbili: tunamtafuta mtu wa kupiga deki, kisha ndani ya wiki ya pili tunamkabidhi mtoto mwenye homa na sufuria ya maharage iliyo jikoni, halafu tunashangaa vigae havijang'aa.

Kuhusu kumtafuta. Wa kwanza nilimpata kwa dalali. Nilimlipa shilingi 50,000, akaniletea binti aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake Buguruni, akaniahidi kwamba asipofaa ndani ya miezi mitatu ataniletea mwingine bila malipo. Binti alikuja siku tisa. Siku ya kumi hakuonekana, na simu ya dalali ikawa haipokelewi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba binti yuleyule alikuwa akifanya kazi kwa mama mmoja mtaa wa pili, aliyepelekewa na dalali yuleyule kwa ada ileile. Simlaumu binti, maana yeye aliitwa mahali alipoahidiwa malipo mazuri zaidi. Lakini nilijifunza kwamba dalali hupata fedha mtu anapohama, wala hapati chochote mtu anapotulia. Wapo madalali waungwana, sikatai, ila ukimtumia dalali hakikisha unalipa nusu mwanzoni na nusu baada ya mwezi kuisha.

Huyu niliye naye nilielekezwa na mama wa genge. Nilikuwa nimesimama nachagua nyanya, nikamwambia shida yangu, naye akafikiri kidogo akasema yupo mama mmoja ambaye humkopesha mboga bila hofu, kwa sababu siku aliyosema atalipa ndiyo siku anayolipa. Fikirini uzito wa sifa hiyo. Mama wa genge hajawahi kumwona akifagia, lakini anajua jambo ambalo mimi nilikuwa nikilitafuta kwa miaka miwili, yaani kama neno lake linasimama. Tangu hapo, mtu akiniuliza pa kuanzia, namtuma kwa watu wanaokopesha na wanaoshinda mtaani: mama wa genge, mwenye duka la jirani, fundi cherehani, mlinzi wa geti, wenzako wa kikoba, wa jumuiya au wa msikitini. Watu hao hawakupendekezei mtu ovyo, kwa kuwa kesho mtaonana tena.

Ukishampata mtu, usione haya kumwuliza mambo ya msingi. Omba kuona kitambulisho chake cha NIDA. Omba barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi, na ikiwezekana nenda naye kuichukua, kwa sababu katika safari hiyo utapafahamu kwake, na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa atakufahamu na wewe. Mimi nilikwenda Gongo la Mboto siku ya Jumamosi. Nami nikampa namba yangu, namba ya mume wangu, na nikamtambulisha kwa mjumbe wetu, kwa sababu yeye ndiye anayeingia kwenye nyumba ya watu asiowajua na mlango unafungwa nyuma yake. Sisi waajiri tunaomba wadhamini wawili, na hatukumbuki kwamba na yeye angependa kujua sisi ni watu wa namna gani.

Mwajiri wake wa zamani mpigie simu, ila usimwulize kama alikuwa mwaminifu. Kila mtu hujibu ndiyo, ama kwa huruma, ama kwa kutotaka maneno. Mwulize aliacha kazi kwa sababu gani, na kama angekuwa tayari kumchukua tena kesho asubuhi. Hilo la pili husikilizwa kwa sikio la ndani: anayejibu haraka amejibu, na anayeanza kuvuta maneno naye amejibu.

Jambo la umri sitalizungusha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kupewa kazi ya hatari. Mimi nakwenda mbali zaidi na kusema aliye chini ya miaka 18 usimchukue kabisa. Nyumba zetu zimejaa dawa za kuunguza na ngazi za kupandia madirishani, na binti wa umri huo mahali pake ni shuleni. Ukiletewa binti unayemtilia shaka, mwambie aliyemleta amrudishe kwao, na nauli yake ya kurudi ijulikane imetoka wapi.

Sasa siku ya majaribio, ambayo nasisitiza ilipwe kama siku nyingine yoyote. Mtu aliyefanya kazi amefanya kazi, hata kama hutamchukua.

Alifika saa moja na nusu asubuhi. Nilimtembeza nyumba nzima, akanyamaza mpaka tulipofika mlango wa nyuma, ndipo akaniuliza: "Dada, kazi yenyewe ni ipi, na inaishia wapi?" Nikamjibu kama nilivyowajibu wote waliomtangulia, kwamba ni usafi wa nyumba tu. Akaendelea kwa upole: "Vyombo vimo? Nguo je? Sare za shule? Madirisha ni ndani na nje? Uwanja ninaufagia mimi?" Nilisimama pale nikakosa la kusema, kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza. Kwa wale watano "usafi tu" ulianza na vyumba vitatu na sebule, kisha zikaongezeka nguo, kisha pasi, kisha kuogesha mbwa, na mshahara ukabaki palepale. Kila aliyeondoka nilimwita mvivu.

Siku ile nilichukua likizo makusudi nione anavyofanya, na niliyoyaona nayasimulia hadi leo. Alianza juu akishuka chini. Alitoa utando wa buibui, kisha akaniomba foronya kuukuu, akaivika kwenye panga la feni na kulivuta taratibu, vumbi lote likabaki ndani ya foronya badala ya kumwagika kitandani. Akafanya hivyo panga kwa panga. Ndipo akapangusa kabati na meza, akafagia, na mwisho kabisa akapiga deki, akibadilisha maji kila alipomaliza vyumba viwili. Tambara la jikoni hakuligusisha na la chooni. Alipomaliza alifua matambara yote, akasuuza dekio mpaka maji yakatoka meupe, akalisimamisha juani kichwa kikiwa juu. Kwa maoni yangu tambara ndilo shahidi wa kweli wa kazi ya usafi. Sakafu inayong'aa unaweza kuipata kwa maji machafu yenye sabuni nyingi, lakini tambara lililoachwa limekunjamana ndani ya ndoo litakueleza jinsi vyumba vilivyosafishwa.

Jioni ile tulikaa mezani na daftari la mmoja wa wanangu, tukaandika makubaliano nakala mbili, kila mmoja akatia sahihi. Tuliandika siku za kazi (Jumatatu, Jumatano na Ijumaa), saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kazi zilizomo na zisizokuwemo, malipo na tarehe yake, nauli, chakula cha mchana, na nini kitafanyika akiugua yeye au akiuguliwa na mtoto. Msidhani hili ni mbwembwe za watu wa ofisini. Sheria ile ile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi mbele ya sheria kama alivyo karani wa benki. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na zikizidi hapo ni saa za ziada zinazolipwa mara moja na nusu.

Kuhusu malipo, Amri ya Mishahara iliyotolewa mwaka 2022 na kuanza kutumika Januari 1, 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri wake, na shilingi 60,000 kwa anayelala hapo hapo. Kwa walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa ilikuwa 250,000. Amri hizi hutolewa upya, na nyingine ilitangazwa mwaka 2025 ili ianze Januari 2026, kwa hiyo asomaye atafute iliyo mpya kabla ya kupanga kiwango. Hata hivyo kima cha chini ni chini kweli. Mwenzangu anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi. Ukimlipa kiasi ambacho robo yake inaishia kwa kondakta, usitegemee kumwona siku ya mvua. Mimi namlipa shilingi 15,000 kwa siku, nauli ikiwa kando, na chakula cha mchana anakula tunachokula sisi. Fedha naituma kwa simu pamoja na ya kutolea, tarehe 30, kabla ya saa sita mchana. Tangu tuanze sijawahi kuivusha tarehe hiyo, na yeye hajawahi kuvusha saa mbili asubuhi bila kunipigia simu kwanza. Sioni kama mambo haya mawili yametengana.

Sasa niseme pale nilipokosea. Dada wangu wa tatu, binti mtaratibu kutoka Kimara, nilimwachia dawa za usafi ndani ya chupa za maji ya kunywa. Nilikuwa nikinunua jiki ya kupima na asidi ya kusugulia choo kwa bei nafuu, naimimina kwenye chupa tupu na kuziweka chini ya sinki bila maandishi yoyote. Siku moja alimwaga zote mbili katika choo kimoja, kwa nia njema kabisa, ili madoa yatoke haraka. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza macho, koo na mapafu. Jirani alimkuta ameketi barazani anakohoa huku machozi yanamtoka, akamkimbiza zahanati. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hakurudi kazini, na mimi wakati ule nikawaambia watu kwamba hakuwa mwelewa. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho. Leo dawa zinakaa katika chupa zake za asili zenye maandishi, juu ambako watoto hawafiki. Jiki haiwi chumba kimoja na dawa nyingine yoyote ya chooni, na glavu nanunua mimi. Ukimwonyesha mtu nyumba yako, mwonyeshe na hilo kabla ya kumwonyesha ufagio ulipo.

Naishia hapa kwa sasa. Wenye maswali waulize, na wenye uzoefu tofauti waandike.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Ahsante sana dada kwa maelezo haya. Mimi ni mwanamume, naishi peke yangu katika nyumba ya kupanga, na kazi yangu ni ya zamu. Shida yangu ni mbili. Kwanza, kila dada anayekuja kufanya usafi majirani huanza kunong'ona, na mmoja aliacha kazi kwa sababu maneno yalimfikia mume wake. Pili ni ufunguo: nikiwa zamu ya mchana nalazimika kumwachia, na nikilala baada ya zamu ya usiku siwezi kuvumilia kelele za ndoo. Nifanyeje?

Mleta uzi:

Pole mkuu. Kwa la kwanza, tafuta mama mtu mzima, na siku ya kwanza umtambulishe kwa mwenye nyumba na kwa jirani wa karibu mbele yake, ukitaja kazi na siku zake. Maneno huota pale ambapo watu hawajaambiwa kitu. Ikiwa anaishi na mume, hakuna ubaya mume wake akaja siku ya makubaliano akaona mahali penyewe. Wakati wewe uko nyumbani, mlango wa mbele ukae wazi.

Kwa ufunguo, mwezi wa kwanza mpangie siku ambazo uko nyumbani na hukutoka zamu ya usiku. Baada ya hapo tengeneza nakala moja, iandike kwenye yale makubaliano kwamba amepokea nakala moja tarehe fulani, na siku akiacha kazi airudishe mkononi mwako. Fedha na hati zako ziwe katika droo yenye kufuli, si kwa sababu unamshuku, bali ili siku kitu kikipotea yeye asiwe wa kwanza kutajwa. Nakuomba pia usimtegee fedha mezani ili kumpima, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana. Mtu mwenye akili ataona kwamba ametegwa, na kuanzia siku hiyo ameshajua unamfikiriaje.

Mchangiaji aliyewahi kuifanya kazi hii:

Nimesoma uzi huu mpaka mwisho, nami naomba nafasi ya kusema, kwa sababu nimesafisha nyumba za watu Kinondoni na Mikocheni kwa miaka tisa kabla sijafungua biashara yangu ndogo ya chakula.

Mnapouliza kwa nini dada ameondoka bila kuaga, ulizeni kwanza kama mshahara wake wa mwezi wa kwanza mliushika. Waajiri wengi hufanya hivyo, wanauita dhamana, wakiamini kwamba mtu hataondoka akiacha fedha yake. Sisi tulikuwa tunahesabu kinyume chake. Tulijua kwamba siku tukiaga vizuri hatutaipata, kwa hiyo tulisubiri siku ya malipo, tukapokea kilichopo, tukaenda. Mimi mwenyewe nimemwacha mama mmoja namna hiyo na hadi leo inaniuma, maana watoto wake nilikuwa nimewazoea.

La pili ni kupekuliwa. Nyumba moja niliyofanya kazi, kila jioni mlinzi alifungua mkoba wangu getini na kutoa kimoja kimoja, kanga yangu, kitana, dawa ya mtoto, watu wakipita barabarani. Sikuwahi kuchukua hata kijiko katika nyumba ile. Kama unaona lazima ukague, kagua ndani, wewe mwenyewe mwanamke, na umwambie mtu huyo tangu siku ya kwanza kwamba huo ni utaratibu wa nyumba, ili aamue kama anaikubali kazi au haikubali.

La tatu nalisema kwa aibu, lakini lisiposemwa halitaisha. Kuna nyumba ambazo choo nilichokisugua mimi mwenyewe sikuruhusiwa kukitumia, nikalazimika kwenda kuomba kwa jirani. Na kuna akina mama wanaoacha nguo zao za ndani kwenye beseni ili dada azifue. Mtu anaweza kuzifua kwa sababu ana shida, ila msidhani kwamba hajaumia.

La mwisho ni simu ya asubuhi. Ukimwambia mtu "leo usije" akiwa tayari yuko ndani ya daladala, umemla nauli na umemla siku, kwa sababu angeweza kwenda nyumba nyingine. Mwajiri wangu mmoja alikuwa akinilipa nusu ya siku kila alipoahirisha baada ya saa kumi na mbili asubuhi. Huyo nilikaa naye miaka minne, na hata leo akinipigia kwamba ana shughuli, naenda.

Mleta uzi:

Dada yangu, nakushukuru. Hilo la nusu siku sikuwa nalo katika makubaliano yetu, na leo jioni nitaliongeza. Kuhusu kushika mshahara, naongeza upande wa sheria: hata kitu kikivunjika, mwajiri haruhusiwi kukata anavyotaka. Lazima ithibitike kwamba uharibifu ulitokana na kosa la mfanyakazi, yeye mwenyewe akubali kwa maandishi kukatwa, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Mwaka jana mfuniko wetu wa kioo wa sufuria ulimponyoka dada wetu ukapasuka. Alivifagia vipande vyote, akavifunga katika gazeti ili visimkate mtu wa taka, akaviweka mezani nivione. Sikuwa na sababu ya kukata hata senti.

Mchangiaji kutoka Mombasa:

Hamjambo nyote. Huku kwetu tunamwita mama wa kufua, hata kama siku hiyo hafui chochote na anapiga deki peke yake. Wengi wanapatikana kwa kuelekezana katika makundi ya WhatsApp ya wapangaji wa jengo moja, na faida yake ni kwamba mama mmoja anaweza kupata nyumba nne katika jengo hilo hilo, akajaza wiki yake bila kupoteza nauli. Kitu ambacho waajiri wa Kenya huomba sana ni cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, kinachotolewa baada ya mtu kuchukuliwa alama za vidole. Ni kitu kizuri, lakini kina gharama na muda, kwa hiyo mwajiri anayekitaka naona ndiye anayefaa kukilipia. Kwa wanaoajiri kwa mwezi mzima, kima cha chini kilichotangazwa mwaka 2024 kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 16,113.75 za Kenya, bila kuhesabu posho ya nyumba, na mtumishi wa nyumbani yumo katika kundi hilo. Wengi wanalipa chini ya hapo na hata hawajui kwamba wanavunja sheria.

Mchangiaji kutoka Dodoma:

Nakubaliana na mengi, ila napingana nawe kwa kutozitaja kampuni za usafi. Nilipohamishiwa huku kikazi nilikabidhiwa nyumba iliyokuwa imefungwa zaidi ya mwaka. Kampuni ilileta watu wanne, mashine ya kufyonza vumbi na skwiza, wakamaliza kwa siku moja. Dada mmoja angechukua wiki nzima na angeumia mgongo.

Mleta uzi:

Uko sahihi, na ni upungufu wangu. Kwa usafi mkubwa wa kuhamia au kuhama, wa makochi, mazulia na madirisha ya ghorofani, kampuni inafaa zaidi. Waulize mambo mawili kabla ya kulipa: wakivunja kitu nani anawajibika, na wale wanne waliokuja wanalipwa kiasi gani kwa siku hiyo. Kampuni inayolipa vizuri haioni shida kujibu. Kwa usafi wa kila wiki mimi bado nataka mtu mmoja anayeijua nyumba, anayejua kwamba bomba la bafuni lina mkono wa kufungia nyuma ya mlango na kwamba mtoto wa pili ana pumu na hapaswi kuwepo vumbi linapopigwa.

Mchangiaji kutoka Mwanza:

Swali moja la mwisho, dada. Huyo wako akienda likizo unafanyaje? Na siku mkishindwana, mnaachanaje bila ugomvi?

Mleta uzi:

Nianze na kushindwana. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na ya siku 7 kama bado yumo katika mwezi wake wa kwanza. Ukitaka aondoke leo, mlipe siku hizo. Mlipe pia siku zote alizofanya na likizo aliyoichuma. Mkishindwa kabisa kuelewana ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako anayelalamikia kuachishwa kazi hufungua shauri ndani ya siku 30, na kipo chama cha CHODAWU kinachowasimamia wafanyakazi wa majumbani pamoja na wa hotelini. Huko Mwanza lipo pia shirika la WoteSawa linalowatetea wafanyakazi wa majumbani, hasa walio wadogo, kwa hiyo ukimwona mtoto anatumikishwa mtaani kwako unajua pa kupeleka taarifa.

Likizo ya sheria ni siku 28 kwa mwaka, na huyu wetu huenda kwao Lushoto kila Desemba. Tarehe tunaziandika kwenye kalenda ya jikoni tangu Septemba, na malipo ya mwezi huo nayatuma kabla hajapanda basi. Wa kushika nafasi yake humtafuta yeye mwenyewe. Mwaka jana alimleta jirani yake kutoka Gongo la Mboto, wakafanya kazi pamoja siku moja ambayo niliwalipa wote wawili. Nilikuwa sebuleni nikamsikia akimtembeza chumba hadi chumba kama nilivyomtembeza yeye miaka ile. Walipofika jikoni akafungua mlango wa kabati ambako karatasi ya makubaliano imebandikwa, akamsomea mstari kwa mstari, vyombo vimo, nguo hazimo, madirisha ni ndani tu, kisha akampandisha kwenye kigoda akamwonyesha jiki inakaa wapi, akamtajia na chumba inakokaa asidi, na kumwambia kwamba hizo mbili hazikutani.

Watoto waliporudi kutoka shuleni walimwamkia mgeni shikamoo kama wanavyomwamkia yeye, na foronya ya feni ilikuwa tayari imefuliwa, inakauka kambani.